Tini za kuokea mkate na keki nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi isubiri, ipi uiache dukani

Watu wengi wakianza kuoka nyumbani wanahangaika na unga, wanahangaika na hamira, wanatafuta mapishi usiku kucha, afu chombo wanachukua chochote kinachong'aa dukani. Mi nasema chombo ndo uanze nacho, manake unga ule ule, oveni ile ile, ukibadilisha tini tu mkate unatoka mwingine kabisa, ama chini umebaki mweupe na unyevunyevu, ama umeungua pembeni na katikati bado mbichi. Naoka kwa ajili ya watu wa nyumbani na marafiki, mikate ya wiki, keki za besdei, biskuti za kubeba ukienda kumsalimia mtu, na kila mtu akiniuliza aanze kununua nini namjibu kile kile, kwa hiyo leo naandika yote, kuanzia ile ningenunua kwanza mpaka ile ningeipita.

Kabla ya yote elewa hili. Joto la oveni linafika kwenye unga wako kupitia chombo. Alumini inapitisha joto haraka, zaidi ya mara 10 ukilinganisha na chuma cha pua, na kioo kiko nyuma zaidi ya hapo, nyuma sana. Rangi nayo ina kazi yake: chombo cheusi kinanyonya joto, chenye rangi ya fedha kinarudisha sehemu yake. Ukishika hayo mawili, huhitaji muuzaji akuelezee chochote.

Namba moja kwangu, na hapa sibadiliki, ni alumini nene ya rangi ya fedha isiyopakwa kitu. Inapata moto haraka na ukiitoa inapoa haraka, yaani keki haiendelei kuiva ikiwa mezani, na moto unasambaa sawasawa ndo maana keki inapanda ikiwa tambarare badala ya kufanya kilima katikati na kupasuka. Tafuta yenye unene wa karibu milimita 1. Si rahisi kupima unene dukani, kwa hiyo fanya hivi: ishike kwa mikono miwili, weka vidole gumba katikati ya kitako, bonyeza. Ikidumbukia ndani na kurudi kwa mlio wa "tap" kama kifuniko cha kopo, irudishe ilipokuwa. Nzuri inakaa kimya. Afu beba sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, ukiisogeza kwenye tini na ikanasa basi hiyo siyo alumini hata kama lebo inasema vingine. Angalia pia pande, zisimame wima, manake zile zilizotanuka juu zinakupa keki yenye pembe za mshazari na ukitaka kupanga tabaka mbili utakata sana na kupoteza keki.

Ina mambo mawili ya kuangalia. Haipendi asidi, ukiacha mchanganyiko wa ndimu au mtindi ndani kwa muda mrefu inaweza kuacha ladha ya chuma na madoa, basi tandika karatasi ya kuokea au nunua ile iliyofanyiwa anodaizi, ambayo uso wake umekomazwa na hausumbuliwi na ndimu. Na usiiweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo, sabuni ile ni kali, inaifanya iwe nyeusi. Maji ya moto, sabuni ya kawaida na sponji vinatosha.

Namba mbili ni nonstiki, ile iliyopakwa ngozi ya kuzuia chakula kisinase, ila chuma kilicho chini yake kiwe kizito. Siiweki juu zaidi kwa sababu ile ngozi ya juu ina umri, ukipitisha kisu mara moja tu umeshaanza kuimaliza, na tini yenyewe ikiwa nzima bado utaitupa kwa sababu ngozi imebanduka. Lakini kwa tini ya mafini yenye mashimo 12, au kwa rolls za mdalasini ambazo sukari inayeyuka na kuganda kama gundi, nonstiki ndo inakuokoa. Chagua ya rangi ya kijivu au dhahabu kuliko nyeusi tii. Kama nyeusi ndo iliyopo, punguza moto kama digrii 15 za Selsiasi, mapishi yakisema 180 wewe weka 165, na anza kuchungulia dakika 10 kabla ya muda. Ile ngozi ya kawaida inaanza kuharibika ikipita digrii 260, mkate na keki za nyumbani kwa kawaida hazifiki huko, ila usiiache tupu ndani ya oveni iliyofunguliwa moto wote. Vijiko na visu viwe vya mbao au plastiki.

Kwa mkate wa boksi, ule wa kukata slaisi za asubuhi, hizi mbili zote zinafaa, na kama nonstiki yako ni ya kijivu basi mkate utapata ganda zuri la kahawia hata pembeni. Keki nataka pembe laini, mkate nataka pembe ziive, ndo maana ukiwa na uwezo wa kununua mbili, ya keki iwe ya fedha na ya mkate iwe na rangi kidogo.

Namba tatu ni sufuria nzito ya chuma cha kumimina yenye mfuniko, na nakwambia ukweli, kwa mtu anayependa mkate wa mviringo wenye ganda gumu hii ingekuwa namba moja. Unaipasha moto tupu ndani ya oveni dakika 30 kwenye digrii 230 au 240, unamwagia unga mkavu kidogo chini au unashusha donge likiwa juu ya karatasi, unafunika. Mvuke unaotoka kwenye donge lenyewe unabaki ndani, ganda linakaa laini kwa zile dakika 20 za kwanza, mkate unapata nafasi ya kufura wote, afu unafunua na kuacha dakika nyingine 20 ganda likauke na kushika rangi. Ukiutoa usikilize, ganda linalia kidogo kidogo likipoa, tik tik tik, mi hapo huwa nasimama tu jikoni nasikiliza. Ya lita 5 hivi inatosha mkate wa unga wa gramu 500. Kabla ya kulipa angalia kishikio cha mfuniko, kikiwa cha plastiki uliza kinavumilia digrii ngapi, na inyanyue kwanza kwa mkono mmoja, manake utakuwa unaitoa ikiwa ya moto na ndani kuna mkate. Ambayo haina enameli, yaani ule mpako mgumu unaong'aa kama kioo, lazima uikaushe vizuri na kuipaka mafuta kiasi, la sivyo kutu.

Baada ya hapo kuna pengo kubwa.

Kioo naweka namba nne. Uzuri wake unaona kitako cha mkate bila kugeuza, na ukipeleka mezani kinapendeza. Kwa pai, pudini za mkate na vitu vya kuchota na kijiko ni sawa kabisa. Kwa keki kinachelewa kupata moto, kikishaupata hakiachii, kwa hiyo pembe zinakauka wakati katikati bado inajivuta, hapa nako punguza digrii 15. Na tafadhali usikitoe kwenye friji ukakiingiza kwenye oveni ya moto, wala usikitoe kwenye oveni ukakiweka juu ya sinki lenye maji. Kioo kinapasuka kwa ghafla na vipande vinaruka. Kioo cha borosilikati kinavumilia mabadiliko ya joto kuliko kioo cha kawaida, kwa hiyo soma lebo, lakini hata hicho weka juu ya kitambaa kikavu.

Silikoni, namba tano. Najua inauzwa sana na rangi zake zinavutia watoto. Haipitishi joto vizuri, basi mkate unatoka na ubavu mweupe kama haujaiva, na ukiijaza unga na kuinyanyua inajikunja, lazima uiweke juu ya trei. Inafaa vitu vidogo, keki za kuuma mara moja, chokoleti za kugandisha. Hapo inabanduka vizuri sana. Angalia tu kikomo cha moto kilichoandikwa, nyingi ni karibu digrii 230.

Na ya mwisho kabisa ni zile tini nyembamba za bati zinazouzwa seti, tatu kwa moja, zinaingiliana. Nilinunua seti kama hiyo zamani, duka silitaji, nikaoka keki ya besdei ya mtoto, oveni ilipofika moto nikasikia "ngo!" ndani, nilipofungua tini ilikuwa imejipinda na keki imemwagikia upande mmoja. Upande mnene ulikuwa mbichi na mwembamba umekauka, na watoto walikuwa wameshafika. Baada ya miezi michache kutu ikaanzia pale ukingo ulipokunjwa, manake maji yanaingia mle na hayatoki. Bei rahisi ile inakufanya ununue mara mbili.

Sasa saizi, hapa ndo watu wanapoteza mapishi mazuri. Tini ya duara ya sentimita 23 inaonekana imezidi ya 20 kidogo tu, lakini ukipiga hesabu ya eneo, 20 ni kama sentimita za mraba 314 na 23 ni 415, yaani karibu theluthi nzima zaidi. Mchanganyiko wa 20 ukiumwaga kwenye 23 unapata keki nyembamba iliyokauka. Na tini ya mraba ya 20 kwa 20 ni 400, kwa hiyo inabadilishana na duara ya 23 bila shida. Kwa kuanzia nunua duara ya 20 mbili zinazofanana, upate tabaka mbili kwa mpigo mmoja, zenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Ya mkate chukua ya 23 kwa 13, kina 7, unga wa gramu 500 unakaa humo vizuri. Usijaze keki kupita theluthi mbili ya kina.

Trei bapa ya biskuti nayo ipime kwa oveni yako, siyo kwa macho. Nenda na vipimo vya ndani ya oveni vimeandikwa kwenye simu, afu toa sentimita 5 kila upande ili hewa ya moto izunguke. Trei inayobana ukuta kwa ukuta inaziba moto, biskuti za chini zinaungua na za juu hazina rangi.

Na kama keki ni ya kumpelekea rafiki, oka kwenye vile vyombo vya foili vya kutumia mara moja, ukiviweka juu ya trei nzito ili visipinde na kitako kipate moto. Mwenzio hatapata kazi ya kurudisha chombo, na tini yako nzuri inabaki nyumbani ikisubiri mkate wa kesho.