Tathmini ya mafunzo ya fahirisi za soko la hisa, Mwanga, Kigoma

Mafunzo ya jioni kuhusu fahirisi za soko la hisa, yaani namba moja moja zinazofupisha mwenendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja, yanayotolewa katika ukumbi mmoja wa Mwanga hapa Kigoma na wakala wa dalali wa hisa wa Dar es Salaam, yana sifa ambayo ni nadra katika semina za uwekezaji: mwezeshaji hamruhusu mtu kutamka kwamba soko limepanda kabla hajaeleza ni kampuni zipi zilizopimwa na kila moja imepewa uzito gani. Ada ni shilingi elfu thelathini, pamoja na kijitabu na chai. Kwa upande wa hesabu, ada hiyo ni halali kabisa. Kwa upande wa matumizi, nina malalamiko.

Kipindi cha hesabu ndicho kilichonivutia zaidi. Mwezeshaji alianza na fahirisi ya Dow Jones, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1896 kwa kujumlisha bei za hisa za kampuni 12 tu na kuzigawanya kwa 12, kisha akaiweka kando ya S&P 500 ya mwaka 1957, ambayo huipa kila kampuni uzito kulingana na thamani ya hisa zake sokoni. Tofauti hiyo hakuihubiri, bali alitugawia karatasi zenye kampuni mbili za kubuni. Ya kwanza ina hisa milioni 10, kila moja shilingi 20,000. Ya pili ina hisa bilioni 2, kila moja shilingi 500. Bei ya kampuni ya kwanza ikipanda kwa asilimia 10, fahirisi inayofuata bei pekee hupanda kwa karibu asilimia 9.8, ilhali inayofuata thamani ya mtaji (bei mara idadi ya hisa) hupanda kwa asilimia 1.7 hivi. Tulipogeuza zoezi na kuishusha kampuni ya pili kwa asilimia 10, fahirisi ya bei haikufika hata robo ya asilimia moja kushuka, na ile ya mtaji iliporomoka kwa asilimia 8.3. Kampuni ni zilezile na siku ni ileile, lakini habari mbili zinazoweza kuandikwa gazetini hazifanani hata kidogo.

Mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi aliyamaliza maelezo hayo kwa sentensi moja: samaki mmoja mkubwa aina ya kuhe akipanda bei, haina maana kwamba biashara ya mwaloni imepanda, kwa sababu kinachoubeba mwalo ni dagaa. Mwezeshaji alicheka na kukiri kwamba mfano huo ni bora kuliko ule uliomo kijitabuni, na kwa maoni yangu alisema kweli.

Sehemu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam nayo ilifundishwa kwa umakini. Soko hilo, ambalo biashara yake ilianza mwaka 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, lina fahirisi mbili kuu ambazo wengi wetu tulikuwa tukizichanganya. DSEI hujumuisha kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya kama KCB, East African Breweries na Kenya Airways; TSI huhesabu kampuni za ndani pekee. Kwa hiyo DSEI inaweza kutikiswa na matukio ya Nairobi, au na thamani ya shilingi ya Kenya, hata kama hapa nchini hakuna kilichobadilika. Mstaafu mmoja wa reli aliuliza, "Mwalimu, mimi nina hisa za CRDB na NMB tu, hizo namba zinanihusu nini?" Akajibiwa, "Mzee wangu, linganisha hisa zako na TSI, siyo DSEI, na ulinganishe kwa asilimia, siyo kwa pointi." Jibu hilo peke yake lilitosha kurudisha ada ya mzee huyo.

Upungufu ulijitokeza tulipofika kwenye matumizi. Fahirisi hizi hupima bei, hazihesabu gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Mwenye hisa ya shilingi 1,000 aliyelipwa gawio la shilingi 60, huku bei ikibaki palepale, amepata asilimia 6 kabla ya kodi ya zuio, lakini fahirisi itaonyesha sifuri. Katika soko ambalo watu wengi hununua hisa za benki kwa sababu ya gawio, kuliacha jambo hilo bila kulitaja ni kasoro kubwa. Vilevile halikuzungumzwa suala la hisa zisizouzwa mara kwa mara: kampuni isiyopata mnunuzi kwa siku kadhaa hubaki na bei yake ya mwisho ndani ya hesabu, na utulivu unaoonekana kwenye mchoro huwa ni ukosefu wa biashara tu.

Badala yake, muda mwingi ulitumika kutazama michoro ya miezi iliyopita na kukisia soko linaelekea wapi, kana kwamba fahirisi ni utabiri. Muda huo ungefaa zaidi kwa mifuko ya uwekezaji inayonunua hisa zote za fahirisi fulani kwa uzito uleule, njia ambayo kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ya John Bogle iliwafungulia wananchi wa kawaida wa Marekani mwaka 1976. Mwezeshaji aliigusa kwa dakika chache, akiwa tayari anakunja nyaya za projekta, ingawa ndiyo inayoeleza kwa nini namba hizi zina nguvu kubwa duniani leo: kampuni ikiingizwa kwenye fahirisi kubwa, mifuko hiyo hulazimika kuinunua, na ikiondolewa hulazimika kuiuza.

Ukumbi ni safi na mwezeshaji huanza kwa wakati. Kijitabu kimechapishwa vizuri, isipokuwa jedwali la bei halina tarehe, jambo lisilovumilika katika somo la aina hii. Ningewashauri wanaomiliki hisa tayari wahudhurie, wabebe kikokotoo na taarifa ya karibuni ya hisa zao, na waulize kuhusu gawio mapema, kabla michoro haijawashwa. Anayetafuta kuambiwa anunue hisa ipi hatapata jibu hapo.