Pretty in Black ya The Raveonettes: wimbo mmoja umenimaliza, mmoja umeniudhi

Wadau, karibuni tena. Mlio mnaousikia nyuma ni feni, na siizimi. Joto la Dar mnalijua.

Haya, hii hapa. Albamu *Pretty in Black*, ya 2005, ya bendi ya The Raveonettes. Wako wawili tu, Sune Rose Wagner na Sharin Foo, kutoka Denmark. Jina la bendi lenyewe limeshamwaga siri: nusu "Rave On", wimbo wa mwanarock wa zamani Buddy Holly, nusu The Ronettes, kundi la mabinti wa Marekani wa miaka ya 60. Nyimbo 13. Mengine mtayasoma kwenye kasha, twende kwenye utamu.

Huko mwishoni kuna "Ode to L.A.", na humo kaingia Ronnie Spector. Ronnie wa The Ronettes, mwenyewe kabisa! Alitutoka 2022, na mimi kila nikiusikia huu nasimama. Ningewapigia wimbo wenyewe, lakini video ya mwezi jana ilinyamazishwa yote kwa sababu ya sekunde kumi za wimbo. Kwa hiyo leo ngoma yangu ni hii meza.

Sogeeni. Du... du-du... paa! Mmeipata? Ngoja nisogeze maiki. Du... du-du... paa! Du kwa ngumi, paa kwa kiganja. Ndio mpigo wa mpiga ngoma Hal Blaine kwenye "Be My Baby" ya The Ronettes, 1963, na bendi hii imeuzunguka mpigo huo tangu inaanza. Sasa sikilizeni pale kabla ya paa. Kimya kile! Juu yake wekeni gitaa linalotetemeka, mwangwi kama wa ghala tupu, na sauti mbili, ya kiume na ya kike, zimebanana hadi hujui nani ni nani. Hawapazi, wananong'ona. Mabinti wa miaka ya 60 walikuimbia mapenzi wakitabasamu. Hawa wanakuimbia yale yale kama mtu aliyekaa kwenye gari usiku, taa kazima, anangoja mtu atoke nyumbani. Zile sinema za zamani za Marekani, nyeusi na nyeupe, mvua, dada ana bastola kwenye mkoba.

Halafu wanakuja kuniharibia na "My Boyfriend's Back". Ni wimbo wa kundi jingine la mabinti, The Angels, 1963 hiyo hiyo. Prodyuza wa albamu, Richard Gottehrer, ni mmoja wa walioutunga, yaani mpishi kaja harusini na kiporo chake! Ni kama mtu kawasha taa ya sebuleni katikati ya sinema. Mimi huwa nauruka. Ila jana kwenye daladala simu ilikuwa mfukoni, sikuuruka, nikajikuta naimba na konda ananitazama. Basi, nusu nimeusamehe.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini kwamba The Jesus and Mary Chain, bendi ya Scotland, walishauchukua mpigo huo 1985. Ni kweli, "Just Like Honey" unaanza nao. Lakini gitaa lao linakwaruza, na hawa nao zamani walikwaruza hivyo hivyo: albamu yao ya 2003 yote iko kwenye ufunguo mmoja wa muziki. Hapa wamejifungua kamba.

Bei? CD imetumika, kasha lina ufa hapa kwenye kona, oneni, na nauli ya kuileta imezidi bei yake. Mwenye bando asikilize mtandaoni tu.

Tumebakiza watu 40 tufike elfu tano. Tukifika nagawa zawadi. Sio hii, jamani. Hii siitoi.