Kamusi ya dola 6 na neno "assiduous"

Jambo ndugu zangu, karibuni tena hapa Goma. Leo niko na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyokwisha tumika. Niliinunua mtaani Birere kwa dola 6. Itazameni kwa karibu: jalada limechanika kwenye kona, gundi ya mgongoni imekauka, na herufi ni ndogo mno. Usiku courant, yaani umeme, ikikatika, kuisoma kwa tochi ya simu ni kuumiza macho. Hilo sitawaficha.

Sasa tufungue herufi A. Mnaona hapa? "Assiduous". Programu ya simu yangu inasema "-enye bidii", basi. Kamusi hii inaongeza mstari mmoja mwishoni: Kilatini, "assidere", kukaa kando ya. "Ad" ni karibu, "sedere" ni kukaa. Kumbe huyu mwenye bidii ni mtu aliyekaa na hakuondoka!

Warumi walitumia kitenzi hichohicho kwa anayekaa kando ya mgonjwa. Nilipolijua hilo nilimkumbuka shangazi. Mama alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa garde-malade, mwenye kumwangalia mgonjwa, kwa wiki mbili, juu ya kigoda cha plastiki, kikombe cha uji mkononi, macho kwenye matone ya serumu. Daktari akipita asubuhi, anamkuta. Akipita jioni, anamkuta palepale. Nikisoma "bidii" peke yake, kile kigoda hakionekani.

Tuliosoma Kifaransa tuwe waangalifu. Shuleni "assiduité" ni kuhudhuria bila kukosa. Kwa Kiingereza kufika hakutoshi: kazi yenyewe uifanye kwa makini na bila kuchoka. Na mkazo uko kwenye "si". Tusiusogeze kuelekea mwisho kama tulivyozoea kwa Kiswahili.

Je, uinunue? Kama unafundisha au unaandika, ndiyo, bila kusita. Ukitaka tafsiri ya haraka tu, simu inatosha.

Mimi sasa niko herufi S, kwenye "sedulous", nalo ni la mtu wa bidii. Kwa jinsi linavyofanana na "sedere", nilidhani ni kukaa tena. Hapana! Ni "se dolo", bila hila. Ukurasa umepata doa la chai, lakini maandishi yanasomeka. Ngoja niusogeze kwenye kamera.