Samadi ya kuku ya gunia kwenye chai: nimejaribu msimu mzima

Nilinunua magunia kumi ya samadi ya kuku iliyoozeshwa kwenye duka moja hapa Fort Portal, jina naliacha, maana NPK 25-5-5, mbolea ya viwandani yenye naitrojeni asilimia 25, bei imepanda mpaka unajiuliza chai ni yako au ya mwenye duka. Kijana wa pale akaniapia, mzee, ukiweka hii fatalaiza unasahau kabisa.

Hapo alinipiga, na hesabu yenyewe si ngumu. Gunia limeandikwa naitrojeni asilimia 2, kwa kilo 50 hiyo ni kilo moja tu, wakati gunia la 25-5-5 la uzito huohuo lina kilo 12.5. Yaani gunia moja la hiyo mbolea ya chumvi ni zaidi ya 12 ya samadi, na shamba langu liko mlimani huko, nani atabeba, bodaboda yenyewe ilikataa kupanda na mawili.

Basi upande mmoja wa shamba nikakata NPK nusu, nusu nyingine nikafidia na samadi, na matawi tuliyopogoa mwaka jana nikakataza yasichukuliwe kuni (mama watoto alininunia wiki nzima), yakaozea palepale. Miezi mitatu sikuona kitu, nikailaani hela yangu. Mvua ilipokolea ndio nikaona udongo umelainika, na majani mawili na chipukizi ukiyavunja yanakatika ta!, banji (chipukizi zilizolala, zisizokua) chache. Karani wa kituo cha kupimia, ambaye kazi yake ni kuchambua gunia langu akilia majani magumu, hakurudisha kitu. Kilo zilipungua kidogo ukilinganisha na upande wa pili, ila na gharama pia.

Sasa ubaya. Magunia mawili yalikuwa hayajaiva, ukifungua amonia inakutoa machozi, hiyo ukiweka karibu na shina inaunguza mizizi, nikayarundika pembeni kwanza. Lingine limejaa majivu, nauliza naambiwa ni ya potashi. Majivu kwenye chai jamani! Chai inataka udongo wa asidi, pH 4.5 hadi 5.6 hivi, majivu yanaipandisha hiyo pH, asidi inapungua. Kawape maharage.

Nyota tatu. Nitarudi kununua, ila kila gunia nalifungua palepale dukani na kulinusa kabla sijatoa shilingi.