Tathmini ya kikokotoo cha Dario Alpern cha kutafuta vigawo vya namba kubwa

Vikokotoo vingi vya kawaida hukadiria namba nzima inapozidi tarakimu kumi na kitu, na namba iliyopoteza tarakimu zake za mwisho haiwezi tena kuulizwa kama ni tasa wala kama ni shufwa. Kikokotoo cha mtandaoni cha Dario Alpern wa Argentina, ambacho ni cha bure na hufanya hesabu ndani ya kifaa cha mtumiaji mwenyewe, huitunza kila tarakimu.

Nilikipima kwa namba yenye historia, yaani 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1, ambayo Mersenne, mwanahisabati wa Ufaransa, aliiorodhesha miongoni mwa namba tasa mwaka 1644. Lucas, naye mwanahisabati wa Ufaransa, alithibitisha mwaka 1876 kwamba si tasa, lakini bila kuonyesha kigawo hata kimoja. Vigawo vyenyewe vilitolewa na mwanahisabati wa Marekani, Frank Nelson Cole, huko New York mwaka 1903, baada ya kazi ambayo mwenyewe alisema ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Hapa huhitaji kuandika tarakimu zote 21, kwani inatosha kuandika 2^67-1, na mara moja unaletewa 193707721 mara 761838257287.

Kinachonifanya nikithamini zaidi ni kwamba hakiishii kwenye vigawo. Kinaonyesha kwamba namba hiyo ina vigawo 4 kwa jumla, ukihesabu 1 na namba yenyewe, kwamba vigawo hivyo vikijumlishwa hupatikana 147573953351708377936, na kwamba namba chanya zilizo ndogo kuliko hiyo na zisizo na kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1 ni 147573951827644447920. Kisha huiandika kama jumla ya miraba minne, yaani ya namba nzima nne ambazo kila moja imezidishwa kwa yenyewe, na minne hiyo haipunguziki, kwa sababu namba yoyote inayobakiza 7 ikigawanywa kwa 8 haiwezi kuwa jumla ya miraba mitatu. Sababu hiyo, hata hivyo, kikokotoo hakikuelezi; mwanafunzi atahitaji mwalimu au kitabu.

Kuhusu kasi, ni vyema kuelewa kwamba urefu wa namba pekee hausemi kitu. Mbinu ya mikunjo ya eliptiki (kwa Kiingereza elliptic curve method), ambayo ni mojawapo ya mbinu zinazotumika humo, hutegemea zaidi ukubwa wa kigawo kinachotafutwa, kwa hiyo namba ndefu yenye vigawo vidogo huvunjika upesi, ilhali namba ya tarakimu 100 iliyo zao la namba tasa mbili zinazolingana kwa urefu huweza kuchukua saa nyingi.

Upungufu ninaouona ni kwamba ukurasa hauna Kiswahili. Hata hivyo, kwa mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta moja tu darasani, nakipendekeza bila kusita, na aanze na 2^61-1, ambayo ni tasa kweli, kabla ya kuwaonyesha wanafunzi ile ya Cole.