Katuni tatu mpya za hapa Tanga: picha imeshasema, mwandishi akarudia

Kwenye kibanda kimoja cha magazeti karibu na uwanja wa Mkwakwani siku hizi kuna kamba iliyotundikwa hadithi za picha, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, kazi ya vijana wa hapa hapa mjini. Nimenunua tatu. Moja ni toleo la kwanza la hadithi ya vita vya Tanga vya 1914, ya rangi, kurasa 32, shilingi 5,000. Ya pili ni toleo la pili la hadithi ya mapango ya Amboni, nyeusi na nyeupe, kurasa 24, shilingi 3,000. Ya tatu ni kijitabu cha vichekesho cha shilingi 1,500. Majina ya watungaji nayaacha, kwa sababu wengi wao ndiyo kwanza wanaanza na mengine nitakayosema ni makali. Aliyeko Tanga akifika kibandani atazitambua.

Nianze na hiki cha vita, maana ndicho kilichonifurahisha na kuniudhi kuliko vyote.

Kisa chenyewe ni kikubwa. Mwanzoni mwa Novemba 1914 meli za Waingereza zilileta hapa wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakiongozwa na Jenerali Aitken. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 tu, na wengi katika hao walikuwa askari Waafrika. Waingereza walishukia upande wa Raskazoni, wakapenya mashamba na vichaka kuelekea mjini, wakapigwa, wakarudi melini wakiacha mamia ya bunduki na risasi kwa maelfu. Na katikati ya purukushani hiyo nyuki walitibuliwa, wakauma watu bila kuuliza nani ni wa upande gani. Ndiyo maana wapo wanaoviita vita vya nyuki.

Mchoraji amewaweka nyuki kwenye kurasa za 16 na 17, yaani katikati kabisa ya kitabu, pale penye pini. Huyu kijana anajua anachofanya. Hapo karatasi ni moja, picha inavuka kutoka kushoto kwenda kulia bila kukatika. Fremu ya kwanza ni pana: mzinga wa gogo umetundikwa juu ya mti, umetobolewa na risasi, tundu dogo tu. Fremu zinazofuata zinazidi kuwa nyembamba. Kila moja ina nyuki wengi zaidi, vidoa vya wino mweusi vilivyopigwa kwa brashi. Kufika ukurasa wa kulia mistari ya fremu yenyewe haionekani tena, nyuki wameifunika. Chini kabisa kuna mkono mmoja, vidole vimeachana, na bunduki iko hewani. Uso wa mwenye mkono hauonyeshwi. Hakuna neno hata moja katika kurasa hizo mbili. Niliziangalia kwa muda mrefu, nikarudi nyuma, nikaziangalia tena.

Kisha nikafunua ukurasa wa 18, nikakuta kisanduku cha maelezo: "Ghafla nyuki walitoka katika mizinga yao na kuanza kuwashambulia askari, ambao walitupa bunduki zao na kukimbia."

Kwa nini? Tumeshaona! Mchoraji ametupa kurasa mbili za kutisha, halafu mwandishi anakuja kutueleza kilichotokea kana kwamba tulikuwa tumefumba macho. Na hili halikutokea hapo tu. Ukurasa wa 5 kuna meli upeoni mwa bahari, moshi unapanda. Kisanduku juu kinasema meli ilionekana kwa mbali ikitoa moshi. Chini yake mtoto aliyeko ufukweni anasema, "Tazameni, meli ile kule inatoa moshi!" Jambo moja limesemwa mara tatu katika fremu moja. Kisanduku cha maelezo kazi yake ni kutuambia kile ambacho picha haiwezi: ni siku gani, harufu gani, mtu anawaza nini, wakati huo huo kule mtaani Ngamiani watu wanasikia nini. Kikirudia picha kinampunja msomaji na kinamdharau mchoraji.

Nikafanya jaribio. Nilichukua karatasi nikaziba visanduku vyote vya maelezo, nikasoma hadithi nzima upya. Ilikwenda mbio zaidi na ilieleweka. Nilichopoteza ni tarehe na jina la Raskazoni, basi. Ningependa mwandishi alifanye jaribio hilo hilo kabla ya toleo la pili kwenda mashineni.

Mazungumzo nayo yana kasoro yake. Mvuvi wa 1914 anamwambia mwenzake, "Dah, hii ishu imekaa vibaya." Mwenzake anajibu, "Tulia mwanangu, hao hawatoboi." Sisemi watu wa zamani waongee kama kitabu cha shule, hapana. Lakini maneno hayo ni ya kijiwe cha bodaboda cha leo, na ukiyasoma vita vinageuka maigizo. Ajabu ni kwamba mwandishi huyu huyu ana sikio zuri akitaka kulitumia. Ukurasa wa 11 watu wanafungasha mizigo kukimbia mji, kijana anamuuliza bibi yake kama Wajerumani watashinda. Bibi anafunga kanga kiunoni, anajibu, "Vita ni vyao, mahame yetu." Maneno matano yamebeba yote. Nikajiuliza aliyeandika sentensi hiyo alikuwa wapi kwenye kurasa nyingine.

Tukija kwenye sura za watu, hapo mchoraji naye ana deni. Sisi tuliokua tukigombania jarida la Sani tunajua maana ya mhusika kuwa na umbo lake. Pimbi, Lodi Lofa, Ndumilakuwili: ukichora kivuli chao tu ukutani, bila macho wala mdomo, mtoto angekutajia huyu ni nani. Katika hadithi hii ya vita kuna wahusika wakuu watatu, vijana watatu warefu wa kiasi kimoja, nywele za aina moja, taya la aina moja. Mmoja anakufa ukurasa wa 22 na nililazimika kurudi nyuma kuhakikisha ni yupi. Kifo cha mtu kinapaswa kuuma. Kikianza kwa kutafuta jina, uchungu umeshapotea.

Mavazi yamefanyiwa kazi nusu. Askari wa Wajerumani wamevishwa vizuri, kofia zao zina kitambaa kinachoning'inia kufunika shingo, na hilo ni sahihi. Lakini wanajeshi waliotoka India wote wamepigwa kilemba cha aina moja na uso mmoja, wakati jeshi lile lilichanganya vikosi vya sehemu mbalimbali za India, na kulikuwa pia na kikosi cha Waingereza wenyewe kutoka Lancashire. Hao nao walitoka makwao wakaletwa kufa kwenye vichaka vya Raskazoni bila kujua Tanga ni nini. Kuwachora kama umati usio na nyuso ni kuwaua mara ya pili.

Na kuna mpangilio wa fremu. Nilimpa mpwa wangu, yuko darasa la tano, nikamwambia asome kwa sauti. Alipofika ukurasa wa 22 akasimama. "Mjomba, huyu si ameshakufa? Mbona anaongea?" Nikasogea kutazama. Ukurasa ule una fremu mbili zilizopangwa juu na chini upande wa kushoto, na fremu moja ndefu upande wa kulia. Mtoto alisoma ya juu kushoto, akavuka kwenda kulia kama anavyosoma mstari wa maandishi, kisha akarudi chini kushoto. Mchoraji alitaka ashuke kwanza ndipo avuke. Kosa si la mtoto. Fremu ndefu ingewekwa kushoto na zile mbili zikarundikwa kulia, hakuna ambaye angepotea. Au kiputo cha maneno kingevuka mpaka wa fremu ya juu kuingia ya chini, jicho lingekifuata lenyewe.

Nihamie Amboni, ambako mambo yamegeuka: maneno ni dhahabu, picha zimechoka.

Hadithi inawahusu wanaume wawili wanaotafutwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, wamejificha mapangoni. Mtungaji amebadilisha majina, lakini mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa kwamba mbegu yake ni Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao habari zao kila mwongozaji wa pale Amboni huwasimulia wageni. Toleo hili la pili linaanza usiku, mmoja anarudi pangoni na kifuko cha unga.

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Unga umeupata wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani hana macho?"

Hapo ndipo urafiki wao unapoanza kuoza, na mwandishi hakuandika popote kwamba walianza kutoaminiana. Hakuna kisanduku. Kurasa nne mbele, yule aliyeuliza analala akiwa ameegemea kifuko cha unga, na hilo halikutajwa na yeyote, limechorwa tu pembeni mwa fremu. Nimelipenda sana. Ndilo jambo pekee katika kitabu hiki ambalo mchoraji na mwandishi wamelifanya wakiwa wameshikana mikono.

Kwingineko mchoraji amemwacha mwenzake peke yake. Kurasa kadhaa ni vichwa viwili vinavyotazamana, nyuma yake weusi mtupu. Weusi wa pangoni ni halali, lakini lile pango liko wapi? Aliyewahi kuingia Amboni anajua: ni mawe ya chokaa, kuna mahali dari iko juu sana, kuna mahali unapinda mgongo, kuna vijia unavyopita kwa ubavu, na popo wanakupitia juu ya kichwa. Katika kurasa 24 hakuna mtu aliyeinama hata mara moja! Wanatembea wima kama wako barabara ya lami. Wahusika wana taa ya chemli, na kwa katuni ya nyeusi na nyeupe hiyo ni zawadi: acha karatasi nyeupe pale mwanga unapogusa, jaza wino kwingine, mwamba utajitokeza wenyewe. Yeye ameichora taa kama pambo, haiangazi chochote. Jalada, ambalo naona limechorwa kwa muda wa kutosha, lina dari ya mawe yanayoning'inia na kivuli cha mtu kimepanda ukutani. Anaweza, basi. Nahisi aliharakishwa.

Herufi zake lakini nazisifu. Zimeandikwa kwa mkono, kubwa, na mtu anaponong'ona zinapungua hadi karibu zipotee ndani ya kiputo. Kile kitabu cha vita kimetumia herufi za kompyuta, ndogo, zimesukumwa kwenye kona ya kiputo huku nusu ya nafasi iko wazi. Kwenye nakala yangu sentensi ya mwisho ya kurasa mbili imekatwa na mashine ya kukatia karatasi, na picha za usiku zimetoka nzito kiasi kwamba askari na mti ni kitu kimoja. Rangi inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta huwa nzito ikinyonywa na karatasi, kwa hiyo kurasa za usiku zilihitaji kupandishwa mwanga kabla ya kuchapwa, na maneno yalihitaji kuwekwa mbali na ukingo. Wakati mwingine waombe kwanza nakala moja ya majaribio, waishike mkononi juani.

Kijitabu cha vichekesho sina mengi ya kukisema. Ni msichana na baiskeli yake, fremu nne kila ukurasa, mistari michache iliyochorwa kwa uhakika. Baiskeli ni mambo ya Tanga hasa. Kilichonichekesha zaidi ni kile ambacho baiskeli imebeba bibi, gunia la nazi na kuku mmoja; mlima unaanza, msichana anahema, na bibi anamtazama kuku kwa chuki: "Huyu kuku ni mzito." Baadhi havikunichekesha, lakini vinasomeka haraka na mpwa wangu amekataa kunirudishia.

Kama una elfu tano moja tu, chukua cha Amboni na cha vichekesho, chenji itakubakia. Cha vita kinunue kwa ajili ya kurasa za 16 na 17, ukipenda uchoraji utaona thamani ya pesa yako hapo hapo, lakini kama unamnunulia mtoto subiri kwanza toleo la pili tuone kama fremu zimepangwa vizuri. Cha Amboni kimeishia mwanga wa tochi ukiingia mlangoni mwa pango na mmoja wa wale wawili hayupo. Muuzaji nimeshamwambia toleo la tatu likifika aniwekee nakala.