Kuchezesha picha: kuhesabu fremu au kufuata saa?

Tuseme programu yako inachezesha flamingo wa Ziwa Nakuru anayetembea: picha 12, kila moja ikae milisekunde 80. Duru nzima ni milisekunde 960.

Njia ya kwanza huhesabu fremu, yaani mara ambazo skrini imechorwa upya: kila skrini ikichorwa mara 5, badilisha picha. Msimbo wake (code) ni mistari mitatu. Kwenye skrini ya hezi 60 (inayochorwa mara 60 kwa sekunde) flamingo anatembea vizuri, duru ikichukua sekunde 1. Mpeleke kwenye simu ya hezi 120, anakimbia: nusu sekunde. Kwenye laptop ya mtumba inayochora fremu 30 kwa sekunde, anajikokota sekunde 2.

Njia ya pili hujumlisha muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Jumla ikifika 80, songa picha moja, kisha *toa* 80. Hapa ndipo wengi huteleza: wanairudisha jumla kwenye sifuri. Kwa hezi 60, jumla hufika 83.3 kabla ya picha kubadilika, kwa hiyo 3.3 hupotea kila mara, na mwisho wa duru umechelewa milisekunde 40. Ukiwa umeweka sauti ya maji iende na hatua zake, itakuacha. Tumia `while` (hurudia hadi jumla ishuke chini ya 80), si `if` (hukagua mara moja tu), maana fremu moja nzito inaweza kuchukua muda wa picha mbili. Tena wekea kikomo muda unaojumlishwa kwa fremu moja, tuseme milisekunde 250, la sivyo mtu akirudi kwenye dirisha aliloliacha, flamingo ataruka ovyo.

Kuhesabu fremu kunafaa jaribio la jioni moja tu. Katika laibrari, yaani msimbo watakaoutumia wengine katika programu zao, fuata saa, na kila ndege awe na jumla yake. Picha ndizo za kushirikiana.